Hironobu Kageyama: naanzia wapi kumsikiliza, na kwa nini aliingia JAM Project wakati tayari alikuwa na Dragon Ball Z?

Mwangwi

Wakuu, naandaa orodha ya kumsikiliza mwimbaji wa Kijapani Hironobu Kageyama tangu alipoanza, kwa mpangilio wa miaka. Nimekwama sehemu tatu.

Kwanza, baada ya bendi yake ya ujana kuna pengo la miaka kadhaa, kisha anaibuka ghafla akiimba nyimbo za anime (katuni za Kijapani). Hapo katikati alikuwa wapi? Pili, nikitafuta "CHA-LA HEAD-CHA-LA", wimbo wake wa kufungulia Dragon Ball Z, napata rekodi chungu nzima, urefu tofauti, hata lugha tofauti. Nitaijuaje ile ya 1989? Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: mtu mwenye wimbo unaoimbwa dunia nzima, kwa nini mwaka 2000 alijiunga na JAM Project, kundi la waimbaji watano, badala ya kutamba peke yake?

SanturiNane

Naanza na pengo, maana ukilielewa hilo mengine yatakuja yenyewe.

Kageyama alizaliwa mwaka 1961, Osaka. Alitoka mwaka 1977 akiwa mwimbaji wa LAZY, bendi ya vijana watano walioupenda sana muziki wa roki nzito. Hata jina la bendi walilichukua kwenye wimbo wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Waliowasimamia hawakuuza roki nzito. Waliuza sura. Vijana wakavishwa, wakapewa majina ya utani, wakaimbishwa pop nyepesi, na mwaka 1978 "Akazukin-chan Goyōjin" ikawafanya wajulikane. Weka wimbo huo mwanzoni mwa orodha, kisha ruka moja kwa moja hadi albamu ya mwisho wa 1980, "Uchūsen Chikyūgō". Hiyo ndiyo roki waliyoitaka tangu mwanzo. Ukizisikiliza zikifuatana utadhani ni bendi mbili.

Mwaka 1981 LAZY ikavunjika. Mpiga gitaa Akira Takasaki na mpiga ngoma Munetaka Higuchi wakaunda Loudness, wakaenda zao na metali. Kageyama akabaki mwimbaji wa kujitegemea bila wimbo uliovuma, akipiga kwenye kumbi ndogo. Hilo ndilo pengo lako. Hakuacha kuimba, ila hakuna redio iliyokuwa ikimpiga.

Alirudi mwaka 1985 kupitia "Dengeki Sentai Changeman". Angalia sana hapa: hiyo si anime, ni kipindi cha mashujaa wanaoigizwa na watu, na jina lililoandikwa kwenye rekodi ni KAGE. Ukitafuta kwa jina lake kamili unaweza kuipita. Kisha ongeza "Hikari Sentai Maskman" ya 1987, na "Soldier Dream" ya anime ya Saint Seiya ya 1988. Kufikia hapo sauti imeshakuwa ile unayoijua: ya juu, ngumu, lakini kila silabi inasikika. Mimi naona "Soldier Dream" ni mlango mzuri kuliko Dragon Ball kwa sababu masikio yako hayajaizoea.

Kwenye huduma za muziki mtafute pia kwa maandishi ya Kijapani: 影山ヒロノブ. Matokeo huwa tofauti kabisa na ya herufi za Kirumi.

NotaNdefu

Nichukue swali la pili.

Rekodi ya 1989 ilitolewa na Nippon Columbia. Maneno ni ya Yukinojo Mori, muziki wa Chiho Kiyooka, na mpangilio wa vyombo ni wa Kenji Yamamoto. Jina la kulikagua kwanza ni hilo la tatu. Wimbo unaporekodiwa upya, mtunzi na mwandishi wa maneno hawabadiliki, lakini mpangaji wa vyombo mara nyingi hubadilika. Ukiona jina jingine pale, si rekodi ya asili, hata kama anayeimba ni Kageyama mwenyewe.

Usitegemee mwaka unaoonyeshwa na programu. Mara nyingi huo ni mwaka wa mkusanyiko uliotolewa baadaye. Hata tarakimu za mwaka ndani ya ISRC, namba ya utambulisho wa kila rekodi, hazikusaidii, kwa kuwa zinaonyesha mwaka namba ilipotolewa, na rekodi ya 1989 inaweza kupewa namba miaka mingi baadaye.

Urefu nao unadanganya. Kuna rekodi kamili, ya zaidi ya dakika tatu, na kuna kipande cha televisheni cha chini ya dakika mbili. Anime nyingi hutenga takriban sekunde 90 kwa wimbo wa ufunguzi, kwa hiyo ubeti wa pili hukatwa na mwisho hufungwa haraka. Kipande hicho si kibovu, ila usikiweke kwenye orodha ukidhani umepata wimbo mzima.

Waimbaji wengine ni rahisi kuwatambua: FLOW waliurudia kwa ajili ya filamu ya Dragon Ball Z ya 2013, Momoiro Clover Z wakaurudia mwaka 2015, na toleo la Kihispania la Amerika ya Kusini linaimbwa na Ricardo Silva.

Ukinunua diski ya zamani, singo za Japani za miaka hiyo zilitoka kwenye CD ndogo ya kipenyo cha sentimita 8. Mashine yenye trei ina duara dogo la ndani kwa ajili ya diski hiyo, itacheza bila shida. Mashine inayomeza diski kupitia mwanya, kama ya magari mengi na kompyuta nyingi za mkononi, usiijaribu. Nyingi zimetengenezwa kwa diski ya sentimita 12 na hiyo ndogo hukwama ndani.

Jambo dogo lakini muhimu: "CHA-LA HEAD-CHA-LA" inafungua vipindi 199 vya kwanza vya Dragon Ball Z. Kuanzia cha 200 ni "We Gotta Power", yake pia, na wimbo wa kufungia unakuwa "Bokutachi wa Tenshi Datta", yake vilevile. Huo wa mwisho watu huusahau, na ndipo anapoimba kwa utulivu zaidi.

Mwangwi

Asanteni sana, mbili zimeisha. Bado la tatu. Nilidhani wimbo kama huo peke yake ungemtosha maisha.

HakiNaSauti

Mkuu, rudi kwenye majina aliyotaja NotaNdefu. Mori, Kiyooka, Yamamoto. Kageyama hayumo. Jibu la swali lako linaanzia hapo.

Japani, fedha za utunzi hukusanywa na mashirika kama JASRAC na kwenda kwa mwandishi wa maneno, mtunzi wa muziki na wachapishaji wao. Mtu akiuimba wimbo huo kwenye karaoke, ada inafuata njia hiyo. Mwimbaji wa rekodi ya asili hapati kitu pale, kwani muziki wa karaoke hupigwa upya na rekodi yake haitumiki kabisa. Rekodi ikichezwa redioni au kwenye televisheni, mwimbaji ana fungu lake kupitia CPRA, shirika la haki za waimbaji na wapiga muziki, na kwenye mauzo hulipwa kulingana na mkataba wake na lebo. Lakini rekodi yenyewe kwa kawaida ni mali ya lebo, na kipindi ni mali ya wengine. Mwimbaji anaitwa studio, anaimba, anaondoka. Kipindi kijacho wanaweza kumwita mtu mwingine.

Sasa tazama kilichotokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Shunji Inoue, mpiga kinanda wa LAZY ile ile, alianzisha lebo ya Lantis mwaka 1999, na LAZY yenyewe ilikuwa imeshakutana tena na kuimba "ULTRA HIGH" ya kipindi cha televisheni cha Ultraman Dyna. Mwaka 2000 JAM Project ikaundwa, nyimbo zake zikitolewa na Lantis. Kwa hiyo Kageyama hakuwa anaingia nyumba ya wageni. Alikuwa anarudi kwa mwenzake wa tangu ujana, na safari hii anaandika mwenyewe. "SKILL" ya 2003, wimbo wa mchezo wa Super Robot Wars, maneno na muziki ni vyake. Kwangu mimi huo ndio wimbo mkubwa kuliko yote aliyofanya, ukiwemo wa Dragon Ball.

SanturiNane

Nakubaliana kuhusu haki, lakini sababu haikuwa fedha peke yake. Miaka ya 1970 wimbo wa anime ulimtaja shujaa, silaha zake na adui zake, na lebo zilikuwa na waimbaji maalumu wa kazi hiyo: Ichirou Mizuki, Isao Sasaki, Mitsuko Horie, Kumiko Osugi. Katika miaka ya 1980 vipindi vikaanza kupewa nyimbo za pop zisizomtaja mtu yeyote, kama "Get Wild" ya TM Network kwenye City Hunter, 1987. Nafasi ya waimbaji maalumu ikapungua. JAM Project ilitaka kuurudisha wimbo unaoandikwa kwa ajili ya hadithi yenyewe, ndiyo maana Mizuki alikuwemo tangu siku ya kwanza pamoja na Kageyama, Masaaki Endoh, Rica Matsumoto na Eizo Sakamoto.

Wanachama walibadilika, kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kusema sauti fulani ni ya nani. Hiroshi Kitadani aliingia 2002. Masami Okui na Yoshiki Fukuyama wakaingia 2003. Matsumoto alisimamisha kazi zake na kundi mwaka 2008. Mtu akisikiliza "THE HERO!!" ya anime ya One-Punch Man, 2015, akamtafuta Mizuki humo, hatampata.

Kwenye orodha yako malizia kwa "SKILL" ya studio, halafu ile ya jukwaani. Ya studio inakuonyesha mgawanyo: mstari mmoja mmoja, kisha wote kwenye kiitikio. Ya jukwaani kiitikio kinarudiwa na kurudiwa, na Kageyama ndiye anayeamua kiishe lini.