Mega za mwezi zimekwisha usiku mmoja

*Familia ya Kamalondo*

Yaya Odile, 06:12: Jambo yenu. Nani ametumia hotspoti yangu usiku? Jana jioni nimenunua giga 10 za mwezi mzima. Saa hii simu inaniambia nimebakiwa na mega 212. Jibuni kabla sijakasirika.

Trésor: Si mimi, yaya. Nilikuwa zamu ya usiku, ndiyo natoka.

Yaya Odile: Dido?

Dido: Mimi nililala saa tatu!! Uliza Mama

Mama: Alilala. Alikoroma hata.

Grâce: Yaya, laptopu ya kuchapia ulirudi nayo nyumbani?

Yaya Odile: Ndiyo. Nilikuwa namalizia TFC ya mteja, ile kazi yake ya kumaliza masomo, usingizi ukanibeba. Niliiacha mezani, imewaka.

Grâce: Basi mwizi yuko hapo mezani 😅 Jana ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Siku hiyo ndiyo Microsoft wanatoa masasisho, toka 2003. Kwao, magharibi ya Marekani, ni saa nne asubuhi, huku Lubumbashi ni saa mbili za usiku, au saa moja wakisogeza saa zao mbele. Wewe umelala, yenyewe inakula.

Grâce: Fungua Paramètres, Réseau et Internet, halafu Utilisation des données. Nani yuko juu?

Yaya Odile: OneDrive, giga 5 na kitu. Système, giga 3. Hii OneDrive ni nani tena, sijawahi kumwita

Grâce: Inapandisha mtandaoni kila kitu unachoweka kwenye Documents. Zile skani zote za wateja.

Yaya Odile: Yesu wangu.

Grâce: Laptopu haijui kwamba ile wifi ni simu yako. Inaona wifi tu, inadhani uko kwa tajiri mwenye kebo ya mwezi. Lazima umwambie. Hapo hapo kwenye Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, ushuke mpaka "connexion limitée", yaani intaneti ya kubania, uwashe. OneDrive itasimama, masasisho mengi yatangoja. Lakini ni kwa jina hilo tu. Siku ukitumia simu ya Dido unarudia.

Baba mdogo: Munajisumbua bure. Mimi fundi wa sokoni alinizimia masasisho kabisa, mwaka wa tatu huu. Mashine iko kimya, haiombi kitu.

Grâce: Baba mdogo, pole kukupinga, ila hapo sikubali. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima, hata hospitali za Uingereza, kikadai dola 300 kwa kila mashine. Na dawa yake ilikuwa imetoka Machi, miezi miwili kabla! Walioumia wengi ni wale ambao hawakuiweka.

Baba mdogo: Hm.

Grâce: Na kama ni Windows 10, ukimya huo unaweza kuwa na sababu nyingine: masasisho yake ya bure ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025.

Baba mdogo: Nitapita kwako Jumamosi. Usimwambie fundi.

Yaya Odile: Sasa mimi nazima au sizimi? Wateja wanafika saa mbili.

Grâce: Usizime, ahirisha. "Suspendre les mises à jour", wiki moja inatosha. Sasisho la mwezi huu Trésor atalishusha kazini kwake, kule intaneti hailipiwi kwa mega. Trésor, ingia tovuti yao ya Catalogue Microsoft Update, uangalie vizuri toleo la Windows na x64, yaani aina ya prosesa. Faili zima ni zito kuliko laptopu ikijishushia yenyewe, lakini usihofu. Chukua la mwezi huu tu, ndani yake mna marekebisho ya miezi iliyopita.

Trésor: Ok. Naingia tena kazini saa kumi na mbili.

Mama: Nani atanunua unga? Bukari ya mchana haipikwi kwa mega.

Trésor, 19:26: Grâce, limeshuka, giga 4 na zaidi. Lakini flashi inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Flashi ya giga 32, ina nafasi ya giga 20!

Grâce: Iko FAT32 hiyo, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili. Faili moja likifika giga 4 haipokei, hata iwe tupu. Iformati kwa mpangilio mpya, exFAT, dakika moja tu.

Mama: Flashi gani? Ile nyekundu?

Trésor: Ndiyo mama

Mama: Mle mna picha zote za ndoa ya Béa. Kuformati ni kufanya nini?

Mama: Trésor?

Mama: TRÉSOR

Trésor, 19:41: Niko, mama. Kuformati ni kufuta vyote, ndiyo maana nazihamisha kwanza kwenye kompyuta ya kazi. Zimefika 611 kati ya 840.

Mama: Zikifika zote uniandikie namba.