Nimefukuzwa kwenye kozi ya uasi kwa kosa la kuuliza swali

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nililipia kozi ya wiki sita mtandaoni, ambayo sitaitaja jina, iliyoahidi kuwafundisha wanawake kujiamulia mambo yao wenyewe kwa kuwarudia waasi wa visasili: Lilith, Medusa, Prometheus na wengineo. Wiki ya nne niliondolewa.

Mwalimu alituonyesha picha ya Lilith mwenye mabawa, akasema kwamba Biblia ilimtaja kuwa mke wa kwanza wa Adamu kabla wanaume hawajamfuta. Nikaandika, kwa adabu zote, kwamba katika Biblia ya Kiebrania jina hilo linatokea mara moja tu, Isaya 34:14, katikati ya wanyama wa mwituni wanaokaa kwenye magofu ya Edomu, na Adamu hatajwi hapo hata kidogo. Kisa cha mke wa kwanza kinatoka katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Kiyahudi ya kati ya karne ya 8 na ya 10, yaliyojaa mzaha kiasi kwamba wataalamu wengi huyasoma kama tashtiti. Nikamalizia kwa kuuliza kama tungeweza kukisoma kisa chenyewe pamoja. Nilijibiwa: "Hiyo ni sauti ya baba yako inayosema ndani yako. Hapa tunajifunza kuamini." Haikupita muda, skrini ikaniarifu kwamba mimi si mwanakundi tena.

Kuamini! Mtu anafundisha habari za mwanamke aliyekataa kulala chini ya mumewe kwa hoja kwamba wote wawili wameumbwa kwa udongo uleule, halafu anayebisha anamtoa nje ya bustani.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa maana sipingi kuwarudia waasi hawa, nimekua nikiwapenda. Mwaka 1972 mwanateolojia Judith Plaskow alitunga kisa ambamo Hawa anavuka ukuta wa bustani, anakutana na Lilith, na wawili hao wanakuwa marafiki. Kilikuwa kisa kipya, kimetungwa na mtu aliyeyajua maandishi ya kale na ambaye hakuhitaji kuyasingizia ili apate la kusema. Hapo ndipo ninapoona uhuru.

Kinachonikera zaidi ya kufukuzwa ni kile walichokikata. Tuliambiwa kwamba Lilith "aliondoka bila kupoteza kitu". Katika Ben Sira, baada ya kumwacha Adamu, malaika watatu wanamkuta baharini na kumpa sharti: arudi kwa Adamu, au watoto wake mia moja wafe kila siku. Anakataa kurudi. Isitoshe, anasema mwenyewe kwamba aliumbwa ili awadhuru watoto wachanga, isipokuwa pale atakapoona majina ya malaika hao yameandikwa kwenye hirizi. Kwa karne nyingi hirizi za namna hiyo zilitundikwa karibu na wazazi na vichanga vyao, na walioziamini walikuwa pia wanawake, wenye hofu ya kuamka asubuhi na kumkuta mtoto amekwisha kupoa. Unawezaje kunifanya nivae picha ya Lilith shingoni bila kuniambia habari za wanawake hao?

Medusa, yule mwenye nywele za nyoka katika visasili vya Kigiriki, naye alipitishwa kwenye chekecheke hilohilo. Tulipewa kisa cha Ovid, mshairi wa Kirumi, cha msichana aliyebakwa na Neptune, mungu wa bahari ambaye Wagiriki humwita Poseidon, ndani ya hekalu la mungu wa kike Minerva kisha akaadhibiwa yeye kwa nywele zake kugeuzwa nyoka, kana kwamba ndicho cha kwanza na cha pekee. Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyemtangulia Ovid kwa karne kadhaa, anamtaja kuwa mzaliwa wa Phorcys na Ceto, miungu wa bahari, mwenye kufa kati ya dada wasiokufa, na kwake hakuna hekalu wala adhabu ya nywele. Sanamu ya Luciano Garbati, inayomwonyesha Medusa akiwa ameshika kichwa cha Perseus, shujaa ambaye katika kisa ndiye aliyemkata yeye kichwa, iliposimamishwa New York mwaka 2020 mkabala na mahakama ya jinai, watu waliuliza hadharani kwa nini kichwa hicho si cha Poseidon. Swali zuri mno, na kwenye kozi yetu aliyeliuliza angeondolewa kabla ya mimi.

Kuhusu Prometheus sitasema mengi. Aliiba moto wa miungu kwa ajili ya watu wengine, na ini lake ndilo lililoliwa na tai. Kumfanya mlezi wa somo la "jitangulize wewe kwanza" kunahitaji ujasiri wa pekee.

Nimeandika mara tatu nikiomba nirudishiwe ada ya wiki mbili zilizobaki. Jibu nililopata ni kwamba kudai fedha ni dalili ya nafsi ambayo bado haijafunguliwa minyororo. Kama kuna mwingine aliyefanyiwa hivi, aandike hapa chini. Nitaweka nakala ya maswali yangu yote pamoja na majibu yao, neno kwa neno.