Naomba ushauri: jiko ni "economic" ama "economical"?

Wadau habari zenu, nisaidieni kabla nichapishe bango lingine. Mimi huuza majiko hapa Kamukunji, yale yenye udongo ndani hayamalizi makaa haraka, sasa wiki jana nikaweka bango kubwa imeandikwa "economic jiko", mteja mmoja mwalimu akasoma akacheka mpaka nikaona aibu, ati ni "economical", halafu huyo akadandia matatu akaenda bila kunieleza kwa nini.

Vile naelewa mimi, "economic" ni mambo ya uchumi, kama ile ripoti ya serikali hutoka kila mwaka, Economic Survey, na "economical" ni kitu haikuli pesa, kama pikipiki yenye inabana mafuta. Niko sawa ama napotea?

Kitu inanichanganya ni hii, kuna watu husema "economic" wakimaanisha biashara yenye inalipa. Sasa hii jiko inanilipa mimi na inamwokolea mteja makaa, si basi yote mawili yanaingia? Mchoraji anataka jibu kesho asubuhi na hii ya pili hatanirudishia pesa, ashasema.