Goti moja moja au yote mawili siku moja?

BintiKisauni: Asalaam aleikum. Mama ana miaka 68, ana sukari na presha, magoti yote mawili yamesagika. Daktari wa mifupa ashauri yabadilishwe, yawekwe ya bandia. Bora yote kwa pamoja amalize, au moja moja? Na kusujudu ataweza?

NesiWaThieta: Waaleikum salaam dada. Kwa hali hiyo, moja moja, yapishane miezi mitatu hivi. Yote siku moja huokoa gharama ya kulazwa mara mbili, lakini damu humwagika zaidi, moyo huelemewa, na hatari ya donge la damu kukimbilia mapafuni hupanda. Kufanya yote pamoja ni kwa mwenye moyo imara, hasa kama miguu yote imepinda hata hakuna wa kuegemea.

Kabla ya tarehe ya upasuaji apimwe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Ikizidi asilimia 8, madaktari wengi huahirisha. Jino bovu, kidonda cha mguu, maambukizi ya mkojo, vyote vitibiwe kwanza. Goti huingia usaha kwa mgonjwa mmoja au wawili katika mia, na wa sukari yuko hatarini zaidi. Vijidudu vikishanata kwenye chuma cha goti bandia, dawa haziviondoi. Mara nyingine kiungo chote hutolewa, huwekwa saruji ya mifupa yenye antibayotiki kwa wiki kadhaa, ndipo kipya kirudishwe.

MazoeziTu: Nyumbani msimwekee mto chini ya goti, hata akilia! Mto uwe chini ya kisigino goti linyooke. Wiki ya sita goti likiwa halikunjiki kufika nyuzi 90, mrudisheni hospitali mapema. Baada ya miezi mitatu makovu ya ndani huwa magumu kulegezwa. Ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, uliopasuliwa kwanza. Choo cha kuchuchumaa kitafutiwe kiti cha juu.

Kusujudu, goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kikao cha swala chataka zaidi. Aswali kwenye kiti.

BintiKisauni: Shukran. Maumivu yataisha kabisa?

NesiWaThieta: Wengi hupata nafuu kubwa, ila karibu mmoja kati ya watano haridhiki. Joto na uvimbe kidogo huchukua miezi, na ngozi ya upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, hospitali saa hiyo hiyo. Kidonda kikivuja baada ya wiki, msikimbilie antibayotiki za duka la dawa: maji ya goti yavutwe yapimwe kwanza, la sivyo kijidudu hakitaonekana maabara.