Kolesteroli ya baba iko chini, mbona mishipa ya moyo imeziba?

Binti Mkubwa:
Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wake wa sita wa kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) mara tatu kwa wiki, bado kwa mpira wa shingoni. Majuzi alibanwa na kifua, na vipimo vikaonesha kuwa ateri za moyo zimeziba, ilhali kolesteroli yake iko chini kuliko yangu. CRP, kipimo cha damu cha mchochota (yaani mwili kujihami kwa uvimbe na joto la ndani), imesoma 24, naye hana homa wala kikohozi. Mchochota huo unatoka wapi, na unahusianaje na mishipa?

Muuguzi wa Figo:
Pole sana, dada. Kwa mgonjwa wa dayalisisi, kolesteroli ya chini mara nyingi huashiria kwamba mwili umedhoofu na mchochota unaula taratibu. Mwaka 1999 Peter Stenvinkel na wenzake wa Stockholm walieleza jinsi utapiamlo, mchochota na kuziba kwa ateri vinavyoandamana kwa wagonjwa wa figo. Ini hutengeneza CRP mwili unapopambana na kitu, hata kisicholeta homa. Mapambano hayo yakidumu, ukuta wa ndani wa ateri hudhoofika na mafuta hujipenyeza humo. Madini ya fosfeti nayo yakizidi damuni, chokaa hujijenga ukutani hadi mshipa kuonekana kwenye eksirei. Mimi ningeanza kutafuta chanzo cha mchochota kwenye huo mpira, maana miaka sita ni mingi mno. Muulizeni daktari kuhusu fistula ya mkononi, yaani ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji ili damu ipite hapo badala ya mpira.

Mgonjwa Mzoefu:
CRP yangu ilikataa kushuka kwa miezi. Kumbe ni magego mawili yaliyooza, ambayo sikuyataja kwa sababu hayakuwa yakiuma. Mwangalieni mzee kinywa, na nyayo pia kama ana kisukari.

Binti Mkubwa:
Asanteni. Je, aanzishiwe statini, zile dawa za kushusha kolesteroli?

Muuguzi wa Figo:
Hilo ni la daktari wake wa moyo. Utafiti wa 4D wa Ujerumani, uliohusisha wagonjwa 1,255 wa kisukari waliokuwa kwenye dayalisisi, na ule wa AURORA wa mwaka 2009, haukuonesha nafuu ya kutosha kwa walioanzishiwa dawa hizo wakiwa tayari kwenye mashine. Aliyekuwa akizitumia tangu awali kwa kawaida huendelea nazo.

Binti Mkubwa:
Hajawahi kuzitumia. Nimemmulika kinywani kwa tochi ya simu: ufizi wa chini kushoto umevimba, na nilipougusa kwa pamba ukatoa damu. Anasema amezoea.