Mjadala: Je, wanafunzi wa mkondo wa amali wasome Hisabati ileile?

Mleta mada, Dodoma: Ndugu zangu, mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, imegawa elimu ya sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, lakini Hisabati imebaki somo la lazima kwa wote. Wapo wanaopendekeza kwamba wa amali wapunguziwe, wabaki na vipimo na hesabu za biashara, kwa kuwa fundi hana haja na aljebra. Sikubaliani nao, ingawa najua wanakotoka: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu somo hili walikuwa takribani robo tu ya watahiniwa, na alama ya kufaulu yenyewe inaanzia 30.

Nilipokuwa najenga huko Nala, saidia fundi mmoja aliyepata F ya Hisabati alipima kutoka kwenye kona, akatia alama ya futi 3 kwenye kamba moja ya msingi na futi 4 kwenye nyingine, akawa anaisogeza ya pili mpaka umbali kati ya alama hizo ukawa futi 5, kisha akasema kona imekaa sawa. Nilimwambia kuwa hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras, ile ya pande za pembetatu yenye pembe mraba, akacheka. Alikuwa amesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba, halafu sekondari akazikuta kwa Kiingereza.

Mwalimu wa Hisabati, Kondoa: Ndugu mleta mada, kamba hiyo inawatetea wapunguzaji, haikutetei wewe. Kijana amejenga bila aljebra.

Mleta mada: Umenibana, Mwalimu. Lakini mwenye nyumba akitaka kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, yenye mwinuko tofauti na ule aliouzoea kijana huyo, 3, 4 na 5 hazitamwambia urefu wa ubao; hapo ndipo aljebra inapohitajika. Bila hiyo atakata kwa kubahatisha, na vipande vitakavyobaki vimelipiwa na mwenye nyumba.

Mwalimu wa Hisabati, Kondoa: Kuhusu kenchi nakubali, tena ningependa kuwatoa nje wanafunzi wangu 80 wapime paa la darasa lao wenyewe. Ila hao watapimwa kwa mtihani, si kwa paa. Mtihani ukiuliza kenchi, nitafundisha kenchi. Ukiendelea kuuliza thamani ya x peke yake, nami nitabaki ubaoni nikitafuta x.