Sehemu, desimali na asilimia: wanahamisha nukta bila kujua kwa nini

Mwalimu_wa_Tano:
Habari zenu walimu. Nafundisha hisabati Darasa la Tano. Wanafunzi wanajumlisha na kutoa sehemu vizuri, na desimali wanazisoma hadi nafasi mbili. Shida ipo kwenye kubadili. Makosa yanayojirudia madaftarini ni haya: 1/4 = 1.4, 3/5 = 35%, 0.7 = 7%, na kwenye 3/8 wanachukua 8 wanagawa kwa 3. Kanuni ya "sogeza nukta nafasi mbili" wote wameikariri, ila wengi wanaisogeza upande usio wake. Nianzie wapi? Darasa ni kubwa, vifaa ni ubao, chaki na madaftari tu.

ChakiNyeupe:
Mwalimu, hiyo kanuni ya nukta iache kwanza, irudishe mwishoni. Madaftari ya hesabu yenye visanduku yanatosha. Kila mtoto achore mraba wa visanduku 10 kwa 10. Mraba wote ni 1. Safu moja ni 1/10, yaani 0.1, yaani 10%. Kisanduku kimoja ni 1/100, yaani 0.01, yaani 1%.

Sasa wachore miraba miwili iliyo jirani. Wa kwanza watie kivuli 0.7, wa pili 0.07. Anayesema 0.7 ni 7% mwambie ahesabu visanduku: atapata 70. Usimsahihishe wewe, mraba utamsahihisha. Baada ya hapo 1/2, 1/4, 3/4, 1/5, 2/5. Chini ya kila mchoro aandike majina yote matatu kwenye mstari mmoja: 2/5 = 0.4 = 40%. Ukimruhusu kuandika mawili tu, la tatu litakuwa somo jipya wiki ijayo.

Hesabu_Kwanza:
Naongezea kwenye 1.4 na 35%. Mtoto huyo haoni kwamba mstari wa sehemu ni kugawanya. Kwake 3/5 ni tarakimu mbili zilizotenganishwa, basi anaziunganisha. Dawa ni kumlazimisha kukadiria kabla ya kushika kalamu: hii ni zaidi ya nusu au pungufu? Ni zaidi ya 1? 3/5 imezidi nusu, kwa hiyo 35% haiwezekani. 1/4 haifiki 1, kwa hiyo 1.4 haiwezekani.

Kisha fundisha njia mbili, kwa mpangilio huu.

Njia ya kwanza ni kufanya asili (namba ya chini ya sehemu) iwe 100. Inafaa asili ikiwa 2, 4, 5, 10, 20, 25 au 50. Kwa 3/5: 5 × 20 = 100, basi 3 × 20 = 60, jibu 60/100, yaani 0.60 na 60%. Kosa la hapa ni kuzidisha asili peke yake na kuacha kiasi (namba ya juu), wanaandika 3/100. Mfano mzuri ni alama za jaribio: aliyepata 18 kati ya 25 ana 72%, kwa sababu 25 × 4 = 100 na 18 × 4 = 72.

Njia ya pili ni kugawa kiasi kwa asili, nayo inafaa kwa sehemu yoyote. Wanageuza 3/8 kuwa 8 ÷ 3 kwa sababu tangu darasa la pili wamezoea kugawa kubwa kwa ndogo. Waonyeshe polepole: 3 haigawiki kwa 8, andika 0 na nukta. 3 ni sehemu 30 za kumi. 30 ÷ 8 ni 3, baki 6. Baki 6 ni sehemu 60 za mia. 60 ÷ 8 ni 7, baki 4. Baki 4 ni sehemu 40 za elfu. 40 ÷ 8 ni 5, hakuna baki. Jibu 0.375, yaani 37.5%. Liko chini ya nusu, kama walivyokadiria.

DukaLaNamba:
Mraba ni mzuri, ila kwa darasa kubwa mimi naanza na pesa, maana haihitaji kuchora. Nzima ni shilingi 1,000. Sarafu ya 500 ni 1/2 = 0.5 = 50%. Ya 200 ni 1/5 = 0.2 = 20%. Ya 100 ni 1/10 = 0.1 = 10%. Ya 50 ni 1/20 = 0.05 = 5%. Hiyo ya 50 itumieni sana, ndiyo inayoua kosa la 5% = 0.5: mtoto yeyote anajua 50 si 500. Faida nyingine: 1/8 ya 1,000 ni 125, basi 0.125 inaonekana yenyewe, wakati kwenye mraba wa visanduku 100 unalazimika kukata kisanduku nusu.

Mwalimu_wa_Tano:
Asanteni sana. Kesho naanza na mraba, sarafu zifuate. Na 1/3 nifanyeje? Wanagawa hawafiki mwisho.

Hesabu_Kwanza:
Rahisisha sehemu kwanza, halafu tafuta vigawo tasa vya asili, yaani namba tasa zinazoigawa bila baki. Vikiwa ni 2 na 5 tu, desimali itakoma. Kikiwemo kingine chochote, tarakimu zitajirudia bila mwisho. Ndiyo maana 3/12 inakoma (ni 1/4) lakini 5/12 haikomi. 1/3 iandikwe 33⅓%. Wakiandika 33% wajue wamekata kitu: 33% ya 300 ni 99, wakati theluthi yake ni 100.

ChakiNyeupe:
Ukifika mazoezi, chora jedwali la safu tatu, kila mstari ujaze nafasi moja tu, na nafasi hiyo isiwe safu ileile kila mara. Weka 45%, 0.6, 7/20, 0.08, 125% na 0.5%. Mbili za mwisho usiziache: ya kwanza ni 1.25, ya pili ni 0.005. Wakizipata hizo, hapo ndipo uwarudishie kanuni ya nukta.